Sekunde 38 za ubingwa: kwa nini mbio fulani za magari hazisahauliki

Tarehe 2 Novemba 2008, kwenye uwanja wa Interlagos jijini São Paulo, Felipe Massa alivuka mstari wa kumalizia akiwa wa kwanza. Katika kituo cha timu ya Ferrari ndugu zake wakarukiana shingoni, mafundi wakapiga mayowe, na majukwaa yaliyojaa watu wa mji wake wa kuzaliwa yakalipuka. Massa alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za langalanga (Formula 1). Ubingwa huo ulidumu sekunde 38 na ushei.

Halafu Lewis Hamilton akavuka mstari uleule akiwa wa tano, na sherehe ikahamia kwa timu yake, McLaren.

Mtu asiyefuatilia mchezo huu akisimuliwa kisa hicho huuliza swali la haki kabisa: imekuwaje wa kwanza alie, wa tano acheke? Ukimjibu sawasawa utakuwa umemfungulia mlango wa mchezo mzima. Orodha za mbio zilizosisimua kuliko zote ziko tele, lakini nyingi hutaja majina na miaka kisha zikamwacha msomaji palepale alipokuwa, akishangaa watu walipigia nini kelele. Kelele hizo karibu kila mara zina hesabu ndani yake.

Tuanze na hesabu ya Interlagos. Wakati ule mshindi wa mbio alipata pointi 10, wa pili 8, kisha 6, 5, 4, 3, 2 na 1 kwa wa nane. Massa aliamka siku ile akiwa na pointi 87, Hamilton 94. Massa akishinda anafika 97. Hamilton akimaliza wa tano anaongeza 4, anafika 98 na kuchukua ubingwa. Akimaliza wa sita anaongeza 3 tu, wanalingana 97 kwa 97, na hapo sheria huangalia nani ameshinda mbio nyingi zaidi msimu ule: Massa sita, Hamilton tano. Kwa hiyo msimu wa mbio 18 ulikuwa umebanwa katika pengo la nafasi ya tano na ya sita. Massa kule mbele alishafanya yake yote. Lililobaki halikuwa mikononi mwake.

Zikiwa zimebaki dakika chache, mvua ikaanza. Karibu wote wa mbele wakaingia kituoni, yaani zile karakana za pembeni ya njia ambako gari husimama kubadilishwa matairi, wakatoka na matairi ya njia yenye maji. Timo Glock wa Toyota akabaki njiani na matairi yake ya njia kavu. Aliokoa muda ambao wenzake waliupoteza wakisimama, akajikuta wa nne, akiomba mvua isizidi. Nyuma yake kijana Sebastian Vettel, kwenye gari la Toro Rosso, akampita Hamilton. Hamilton akawa wa sita. Mizunguko ilikuwa karibu inaisha.

Mvua ikazidi. Tairi la njia kavu hushika lami likiwa na joto. Likipoa, na maji yakaingia kati yake na lami, gari linateleza kama sabuni mkononi. Katika mzunguko wa mwisho Glock alikuwa anatambaa. Kwenye kona ya Junção, ya mwisho ya maana kabla ya kupanda mwinuko kuelekea mstarini, Vettel alimpita, na Hamilton akafuata. Wa sita akawa wa tano.

Glock alitukanwa kwa miaka, eti aliuza ubingwa. Ukishaelewa habari ya tairi, tuhuma hiyo inageuka kichwa chini miguu juu: kama angeingia kituoni pamoja na wengine, huenda Hamilton asingeshuka hadi nafasi ya sita hata dakika moja. Kamari yake ndiyo iliyomkaribisha Massa kwenye ubingwa, na kamari hiyohiyo ndiyo iliyomtoa.

Ya kasi mno na ya polepole kuliko zote

Wengi hudhani msisimko ni kasi. Chukua mbio mbili zilizoko ncha mbili za kipimo uone.

Ya kwanza ni Monza, Italia, tarehe 5 Septemba 1971. Washindani walizunguka mara 55 kwa wastani wa kilomita 242.6 kwa saa, na rekodi hiyo ya mbio za kasi zaidi katika langalanga ilikaa hadi mwaka 2003. Peter Gethin wa timu ya BRM alimshinda Ronnie Peterson kwa 0.01 ya sekunde. Wa tatu, François Cevert, alikuwa nyuma kwa 0.09, wa nne, Mike Hailwood, 0.18, wa tano, Howden Ganley, 0.61. Funga na ufungue jicho mara mbili, magari matano yameshapita. Gethin alinyanyua mkono akivuka mstari, na huo ulikuwa ushindi wake pekee katika mbio za ubingwa wa dunia.

Ya pili ni Montreal, Kanada, tarehe 12 Juni 2011. Mbio hizo zilichukua saa 4, dakika 4 na sekunde 39, ndefu kuliko zote katika historia ya langalanga, kwa sababu mvua ilisababisha zisimamishwe kwa muda wa saa mbili hivi. Ukijumlisha kusubiri huko, wastani wa mshindi hauzidi kilomita 75 kwa saa. Mshindi, Jenson Button, aligongana na Hamilton aliyekuwa mwenzake wa timu moja, akaadhibiwa kwa kwenda kasi nyuma ya gari la usalama (lile linalotangulia kundi kukiwa na hatari njiani), akagongana na Fernando Alonso, akapata pancha, akaingia kituoni mara sita, na ilipopita nusu ya mbio alikuwa wa mwisho kabisa. Kisha njia ikaanza kukauka, naye akaanza kuwaokota mmoja mmoja. Mzunguko wa mwisho Vettel, aliyekuwa ameongoza karibu siku nzima, aliona gari la Button likikua kwenye kioo chake. Akaingia kona kwa upana kidogo, magurudumu yakagusa sehemu ya lami ambayo bado ilikuwa na maji, gari likayumba. Button akapita. Katika mbio nzima ya mizunguko 70 aliongoza nusu mzunguko, ile nusu yenye thamani.

Moja iliyoshikilia rekodi ya kasi kwa zaidi ya miaka 30, nyingine ya polepole kuliko zote, na mashabiki huzitaja kwa pumzi moja. Basi kasi si jibu. Zinachofanana ni kwamba mpaka sekunde za mwisho hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika nani atashinda, na sababu za kutojua zilikuwa za aina mbili tofauti. Montreal ni mvua iliyovuruga mpango wa kila timu. Monza ni hewa.

Hewa inayosaidia na hewa inayosaliti

Gari likienda kilomita 250 kwa saa halipiti hewani kimyakimya, linaisukuma. Nyuma yake hubaki mkia wa hewa nyepesi, na dereva akijibanza humo gari lake linapata upinzani mdogo. Injini ileile, mafuta yaleyale, lakini kasi inaongezeka. Waendesha baiskeli wanaijua siri hii vizuri.

Monza ya mwaka 1971 ilikuwa karibu yote ni barabara iliyonyooka pamoja na kona pana za kasi. Hapakuwa na kona ngumu za kuwatawanya madereva wazuri na wa kawaida. Kila aliyetangulia aligeuka kuwa ngao ya upepo kwa waliomfuata, nao wakamvuta na kumpita, wakawa ngao wao. Kwa hiyo kuongoza hakukuwa faida. Hesabu ilikuwa hii: utoke kona ya mwisho, Parabolica, ukiwa karibu kiasi cha kuwahi mstari lakini si mbele kiasi cha kuvutwa. Peterson na Cevert waliingia kona ile wakiangaliana. Gethin akajipenyeza upande wa ndani, akaikamua injini kupita kiwango alichoruhusiwa, na mstari ukamkuta mbele. Mwaka uliofuata waandaaji wakaweka vikona vya kupunguza kasi, na mbio za aina ile zikaisha Monza.

Sasa kuna jambo linalowachanganya wengi. Ikiwa hewa ya nyuma inasaidia, mbona magari ya langalanga ya miaka ya karibuni hushindwa kupitana, yakafuatana kama treni? Jibu ni mabawa. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 magari yalianza kufungwa mabawa yanayofanya kinyume cha bawa la ndege: badala ya kuinua, yanakandamiza gari chini ili matairi yashike lami kwenye kona. Bawa linahitaji hewa iliyotulia. Hewa inayotoka nyuma ya gari jingine imevurugika, madereva huiita hewa chafu, na bawa likiipata hiyo linapoteza nguvu ya kukandamiza. Kwa hiyo hewa ileile inayokusaidia kwenye mnyooko inakusaliti kwenye kona: gari linateleza, matairi yanaungua, unalazimika kurudi nyuma. Ndiyo maana mwaka 2011 likaletwa bawa la nyuma linalofunguka kwa anayefukuza akiwa ndani ya sekunde moja, na mwaka 2022 sheria zikabadilishwa ili sehemu kubwa ya mkandamizo itoke chini ya sakafu ya gari. Binafsi sijawahi kulipenda lile bawa la kufunguka. Kupitana kwa kubonyeza kitufe hakunipi mapigo ya moyo hata kidogo. Ni kama kumwona mtu akipanda ngazi za umeme akasifiwa kwa mbio.

Anayefukuza ana silaha gani?

Msisimko mkubwa hutokea magari mawili yakiwa na hali tofauti: mmoja ana nafasi, mwingine ana matairi mapya. Hapo unaanza kupiga hesabu kichwani. Anamkaribia kwa sekunde mbili kila mzunguko, imebaki mizunguko minane, pengo ni sekunde 14. Atamfikia. Lakini atampita?

Aliyeifanya hesabu hiyo kuwa sanaa ni Juan Manuel Fangio, Nürburgring, Ujerumani, tarehe 4 Agosti 1957. Mzunguko mmoja wa njia ile ulikuwa karibu kilomita 23 za vilima na misitu, na mbio zilikuwa mizunguko 22. Ferrari za Mike Hawthorn na Peter Collins zilipanga kwenda mwanzo hadi mwisho bila kusimama. Maserati ya Fangio ilianza na nusu tangi na matairi laini, ili iwe nyepesi, ikimbie, ijenge pengo, isimame mara moja. Mpango mzuri. Alipoingia kituoni baada ya mzunguko wa 12 alikuwa na karibu nusu dakika mfukoni. Lakini mafundi walihangaika na magurudumu, nati moja ikawapotea chini ya gari, na alipotoka alikuwa nyuma kwa karibu sekunde 50.

Alikuwa na umri wa miaka 46. Akaanza kuvunja rekodi ya njia, akaivunja tena, na tena. Muda wake bora wa siku ile, dakika 9 na sekunde 17.4, ulikuwa pungufu kwa zaidi ya sekunde 8 kuliko muda aliopata mwenyewe kwenye mchujo wa kupanga nafasi. Kwenye mzunguko wa 21 aliwapita wote wawili, Collins kwanza, kisha Hawthorn. Akashinda kwa sekunde 3.6, akachukua ubingwa wake wa tano, na hakushinda tena mbio ya ubingwa wa dunia. Baadaye alisema hakuwahi kuendesha gari namna ile na hakutaka kurudia.

Mimi nikiulizwa nichague moja, huchagua hii. Haikuamuliwa na mvua wala ajali ya mtu mwingine. Ni kosa la nati moja, kisha mtu mmoja akilipa deni la kosa hilo kona kwa kona.

Ukiielewa hiyo, Abu Dhabi ya tarehe 12 Desemba 2021 haitakuwa fumbo tena, ingawa ndiyo iliyozua ubishi kuliko zote za karne hii. Hamilton na Max Verstappen waliingia mbio ya mwisho wakiwa na pointi sawasawa, 369.5 kila mmoja. Hamilton aliongoza na alikuwa anaelekea kushinda. Kwenye mzunguko wa 53 kati ya 58, Nicholas Latifi akagonga ukuta, na gari la usalama likatoka.

Gari la usalama ni gari la waandaaji linaloingia mbele ya kundi kukiwa na hatari njiani. Wote hupunguza mwendo na kujipanga nyuma yake bila kupitana. Kazi yake ni kuwalinda wafanyakazi wanaoondoa vyuma, lakini lina athari mbili: linafuta pengo lote alilojenga anayeongoza, na linafanya kubadilisha matairi kuwe kwa bei nafuu, kwa kuwa wengine wanatambaa wakati wewe umesimama.

Tazama mtego aliowekwa Hamilton. Akiingia kituoni, Verstappen atabaki njiani na kuchukua uongozi, na mbio huenda zikaishia nyuma ya gari la usalama. Asipoingia, Verstappen ataingia, atatoka na matairi laini mapya huku bado ni wa pili. Aliye nyuma anafanya kinyume cha aliye mbele, basi. Hana cha kupoteza. Hamilton akabaki njiani na matairi magumu aliyoyavaa tangu mzunguko wa 14. Verstappen akaingia.

Kulikuwa na magari matano yaliyopitwa mzunguko mzima, yamekaa katikati ya hao wawili. Kwa kawaida magari yaliyopitwa yote huruhusiwa kwenda kujipanga nyuma, kisha gari la usalama hutoka mwishoni mwa mzunguko unaofuata. Kwa utaratibu huo mizunguko ingeisha. Mkurugenzi wa mbio, Michael Masi, akaruhusu hayo matano tu yapite na akaanzisha mbio upya papo hapo, mzunguko mmoja ukiwa umebaki. Matairi mapya laini dhidi ya matairi yenye mizunguko zaidi ya 40: kwenye kona ya tano Verstappen alikuwa mbele. Masi aliondolewa kwenye nafasi hiyo mapema mwaka 2022, na ripoti ya shirikisho la kimataifa, FIA, ikasema palitokea kosa la kibinadamu. Matokeo yakabaki.

Je, ilisisimua? Ilisisimua mno. Lakini kuna tofauti kati ya mvua na mkono wa mwamuzi. Vettel alipoteleza Montreal hakuna aliyelalamika, kwani maji hayana upande. Abu Dhabi watu wanabishana mpaka leo kuhusu ibara za sheria, na ubishi huo unaitafuna ladha ya mzunguko wenyewe, ambao kwa haki yake ulikuwa mkali.

Kutangulia si kufika

Wahenga walisema hivyo bila kuuona uwanja wa Indianapolis huko Marekani, ambao umekuwa ukiithibitisha methali yao kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1992 Michael Andretti aliongoza mizunguko 160 kati ya 200. Zikiwa zimebaki 11 gari likazimika. Al Unser Jr. akashinda kwa 0.043 ya sekunde dhidi ya Scott Goodyear, ambaye alikuwa ameanza nafasi ya 33, ya mwisho kabisa kwenye mstari. Mwaka 2011 chipukizi J. R. Hildebrand alifika kona ya mwisho ya mzunguko wa mwisho akiongoza. Mbele yake kulikuwa na gari la polepole. Akatoka upande wa nje kulipita. Huko nje hulala vipande vya mpira vinavyomeguka kwenye matairi siku nzima, na kuvikanyaga ni kama kukanyaga changarawe. Gari likaenda ukutani, likaendelea kuburuzika kando ya ukuta likielekea mstarini bila usukani wa kusaidia. Dan Wheldon akampita. Mzunguko pekee alioongoza Wheldon siku ile ni huo, na sehemu ya mwisho tu ya huo.

Mashindano ya Le Mans huko Ufaransa hunyoosha mateso haya kwa saa 24. Mwaka 1969 Jacky Ickx alipinga desturi ya madereva kukimbia kwa miguu kuvuka njia hadi kwenye magari yao, kwa sababu wengi walikuwa wanaondoka bila kufunga mikanda. Wenzake walipokimbia, yeye alitembea. Akafunga mkanda wake taratibu, akaondoka wa mwisho. Kwenye mzunguko wa kwanza huohuo dereva John Woolfe akapata ajali akafa. Baada ya mchana na usiku, Ickx na mwenzake Jackie Oliver walishinda na Ford GT40 yao kwa kama mita 120 mbele ya Porsche. Mita 120 baada ya saa 24. Mwaka uliofuata madereva walianza wakiwa wameketi ndani, mikanda imefungwa.

Mwaka 2016 Toyota namba 5 iliongoza hadi zilipobaki kama dakika tatu. Kazuki Nakajima akasema redioni kwamba hana nguvu za injini. Gari likapungua mwendo likasimama kwenye mnyooko wa mbele ya majukwaa, karibu na wafanyakazi wa timu yake mwenyewe, na Porsche iliyokuwa imeshakubali nafasi ya pili ikapita. Kilichoharibika ni bomba la hewa la turbo. Mzunguko wa mwisho Nakajima aliumaliza kwa kujikongoja, ukazidi muda unaoruhusiwa, kwa hiyo gari lililoongoza halikuwekwa hata kwenye orodha ya waliomaliza. Miaka miwili baadaye Toyota ilishinda, na aliyekuwa kwenye usukani likivuka mstari ni yeye.

Wakati mwingine hata umbali na saa havitoshi, inabidi sheria ifukuliwe. Le Mans ya 1966, Ford walipanga magari yao yavuke mstari pamoja kwa ajili ya picha. Ken Miles na Denny Hulme, waliokuwa wakiongoza, walitii, wakapunguza mwendo. Waandaaji wakatangaza kwamba gari la Bruce McLaren na Chris Amon lilianza nyuma kwa mita chache, hivyo limesafiri umbali mkubwa zaidi. Ushindi ukaenda kwao. Mashindano ya Safari ya mwaka 1973, msimu wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa rali, Shekhar Mehta na Harry Källström, wote kwenye Datsun, walimaliza na adhabu sawa kabisa. Akapewa Mehta, kwa kuwa alikuwa amekwenda mbali zaidi bila kupata adhabu.

Rali, kwa kweli, ina msisimko wa aina yake ambao mtazamaji wa langalanga huukosa. Madereva hawaonani. Kila mmoja anashindana na saa peke yake, na tofauti huja kama taarifa. Jordan mwaka 2011 Sébastien Ogier alimshinda Jari-Matti Latvala kwa 0.2 ya sekunde. Sardinia mwaka 2024 Ogier huyohuyo akaibiwa na Ott Tänak kwa 0.2 ileile. Lakini kisa kinachouma kuliko vyote ni cha Carlos Sainz, Uingereza, mwaka 1998. Alihitaji kumaliza wa nne ili awe bingwa, na alikuwa wa nne. Mpinzani wake Tommi Mäkinen alikuwa ameshatoka siku ya kwanza baada ya kung'oa gurudumu kwenye zege. Zikiwa zimebaki mita mia chache za hatua ya mwisho, injini ya Toyota ya Sainz ikafa. Msoma ramani wake, Luis Moya, akalivunja dirisha la nyuma la gari kwa helmeti yake. Mäkinen akawa bingwa akiwa hayupo hata njiani.

Kuna jambo lazima lisemwe kabla ya kwenda mbali. Mbio nyingi za zamani tunazozisifu ziliendeshwa na watu waliokuwa wanakufa. Collins alikufa Nürburgring ileile mwaka mmoja baada ya kufukuzwa na Fangio. Katika wale watano wa Monza 1971, wa pili na wa tatu wote walifia kwenye mchezo huu, Cevert mwaka 1973 na Peterson mwaka 1978. Wapo wanaosema siku hizi mchezo umepoa kwa sababu hatari imepungua. Sikubaliani nao. Interlagos 2008 na Montreal 2011 hazikuhitaji jeneza. Na mwaka 1979 kule Dijon, Gilles Villeneuve na René Arnoux walipogonganisha magurudumu mzunguko baada ya mzunguko, walikuwa wanagombea nafasi ya pili tu. Aliyeshinda ni Jean-Pierre Jabouille, ushindi wa kwanza kabisa wa injini ya turbo katika langalanga, tukio kubwa kiufundi. Muulize shabiki yeyote nini kilitokea Dijon. Jabouille atamkumbuka mwishoni, kama atamkumbuka.

Nimeiacha Monaco ya mwaka 1982 hadi sasa kwa sababu inachekesha. Ilikuwa mizunguko 76, na manyunyu yalianza karibu na mwisho. Zikiwa zimebaki mizunguko mitatu Alain Prost, aliyekuwa akiongoza, akagonga vyuma vya pembeni. Uongozi ukaenda kwa Riccardo Patrese, ambaye hakuwahi kushinda mbio ya langalanga. Akateleza, gari likageuka, injini ikazima. Didier Pironi akachukua uongozi, gari likamfia ndani ya handaki kwenye mzunguko wa mwisho. Andrea de Cesaris ndiye aliyefuata, akaishiwa mafuta. Derek Daly naye angeweza, lakini alikuwa ameshagonga na giaboksi ikamkatalia kabla hata ya kuanza mzunguko huo.

Patrese alikuwa amesukumwa na wasimamizi wa njia, gari likaserereka mteremkoni, injini ikawaka. Akaendelea na safari yake, akiwapita watu waliosimama bila kujua wamesimamia nini. Akavuka mstari akidhani amekuwa wa pili, na ikabidi aambiwe kwamba ameshinda.